Uache Uendelee

1 Septemba, Jumatatu

Leo saa tisa na dakika ishirini alasiri nimepokonywa meza ya sauti ya ukumbi mkubwa. Nimeikalia meza hiyo miaka kumi na tisa na kupigia muziki harusi 1,846. Meneja Kurebayashi alinimaliza kwa dakika nne, na mbili kati ya hizo alikuwa anatafuta miwani.

"Bi Tokuhara, kuanzia wiki hii utakuwa ghorofa ya tatu. Kule kumetulia. Utapumzika."

"Nani kasema nimechoka?"

"Hakuna aliyesema umechoka."

"Basi naadhibiwa. Tuite kitu kwa jina lake."

Akanywa chai. Ghorofa ya tatu ni chumba cha watu ishirini na wanne: chakula cha mchana cha wastaafu, na karamu za kuwakumbuka marehemu. Spika mbili, moja inakoroma.

Acha niandike yaliyotokea, maana nimeshaona jinsi mambo yanavyobadilika midomoni mwa watu kati ya Jumamosi na Jumatatu.

Jumamosi tarehe 30 Agosti tulikuwa na harusi ya Yuzuki, muuguzi wa hospitali ya meno, na kijana wa ukoo wa Hatakeda, wenye kiwanda cha miso, ile rojo ya soya ya kupikia supu, ng'ambo ya mto Tenryu. Wageni 92. Mwishoni mwa karamu, kama ilivyo ada, bi harusi anasimama mbele ya wazazi na kuwasomea barua yake, na chini ya sauti yake mimi napitisha wimbo. Yuzuki alichagua "Ufunguo wa Akiba", wimbo wa mwaka juzi, wa mwanamke na gitaa lake. Wimbo mzuri. Chumba cha kupanga, viatu vya watu wawili mlangoni, ufunguo wa pili umefichwa chini ya chungu cha maua. Hauna doa mpaka dakika ya tatu na sekunde kumi na mbili, anapoimba: *hata siku ile ya kuachana, ufunguo nitauacha pale pale.*

Kuachana. Kwenye harusi zetu neno hilo halitamkwi. Wala kukata, wala kuisha, wala kurudi ulikotoka. Hata keki haikatwi. Tunasema kisu kinaingizwa. Kwa hiyo daftari langu linasema kwa wino mwekundu: neno 3:12, anza kushusha 3:05. Barua ya bi harusi kwa wastani huchukua dakika mbili na sekunde hamsini. Hesabu inatosha na chenji inabaki.

Lakini Yuzuki alilia. Ilipofika 3:05 alikuwa amebakiza nusu ukurasa. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitelezi cha sauti. Hapo hapo nikasikia ndani ya hedifoni sauti ya mwanamume, ya chini, kavu:

"Uache uendelee."

Hedifoni za kazi ni tatu. Moja iko kichwani kwangu. Ya pili anavaa Mikuriya, mpangaji wetu wa harusi, mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Ya tatu anavaa Meneja. Hesabu hii haihitaji kalamu.

Nikauacha. Neno likapita juu ya vichwa 92. Bi harusi akanyamaza katikati ya sentensi. Mama yake akasimama kabla ya wakati wake, akatembea hatua kumi na nne, akamshika mikono. Mzee Hatakeda, baba wa bwana harusi, akaweka glasi yake mezani. Leo asubuhi akapiga simu kuuliza ni nani aliyetia neno la kuachana ndani ya harusi ya mwanawe.

"Ulisema uache uendelee," nikamwambia Meneja.

"Mimi? Sikusema kitu."

Mikuriya alikuwa amesimama mlangoni, faili kifuani. Nikamgeukia. Akatazama zulia.

Haya.

2 Septemba, Jumanne

Siku ya mapumziko. Nimefua.

3 Septemba, Jumatano

Nimehamisha vitu vyangu: mto wa kiti, tochi, hedifoni yangu mwenyewe, daftari. Daftari lina nyimbo 212 za mapenzi, zote za miaka kumi ya karibuni, zote nimezipima kwa masikio yangu. Wazee hufikiri wimbo wa harusi ni wimbo wowote unaosema nakupenda. Nyimbo za siku hizi ni janja. Kiitikio kinasema nitakuwa nawe daima, nchi nzima inaimba, bibi na bwana harusi wanakuja macho yanang'aa wanautaka. Ukisikiliza ubeti wa pili, kumbe huyo anayeimbiwa alishaondoka tangu majira ya baridi. Kati ya hizo 212, nyimbo 61 zina neno baya mahali fulani. Najua kila neno liko sekunde ya ngapi. Najua pia kwamba toka mlangoni mpaka meza ya maharusi ni hatua 31 kwa gauni jeupe na 38 kwa kimono, na kwamba wimbo ambao kiitikio chake kinafika sekunde ya 48 mlango wake ufunguliwe sekunde ya 41.

Niliingia jengo hili nikiwa na miaka thelathini na nne, kuosha vyombo, nimetoka kuachika. Ndiyo, neno hilo hilo. Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Nilikuwa nasuuza glasi huku nahesabu sekunde kupitia ukuta.

6 Septemba, Jumamosi

Aliyekalia kiti changu anaitwa Ozeki. Ametoka ukumbi wetu mwingine wa mji wa Ina. Miaka hamsini na moja, zamani dereva wa basi la watalii, anatembea ameshika kiuno. Hana CD hata moja mkononi, ana kishikwambi kilichojazwa nyimbo za CD za kampuni. Alinisalimia kwa kuinama mpaka nikaogopa hatainuka.

Sikumjibu vizuri.

13 Septemba, Jumamosi

Siku ya mkosi kwenye kalenda, hakuna anayeoa. Mvua. Nimesafisha spika inayokoroma. Bado inakoroma.

15 Septemba, Jumatatu

Sikukuu ya wazee. Ghorofa ya tatu tulikuwa na babu anayetimiza miaka themanini na minane. Akaomba wimbo wa mapenzi wa mwaka huu, ule ambao mjukuu wake huimba bafuni. Nikauona kwenye daftari: neno "mwisho" dakika ya 2:20. Nikaushusha 2:13.

"Mbona umeukatiza?" babu akaniuliza.

"Una neno lisilofaa, mzee."

"Neno gani?"

Nikamnong'oneza. Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, nina miaka themanini na minane. Unadhani hilo silijui?"

21 Septemba, Jumapili

Leo nimegundua. Mwezi wa nne Meneja aliniomba daftari akatoa nakala, "kwa kumbukumbu ya kampuni". Kumbukumbu yenyewe ndiyo iliyomo ndani ya kishikwambi cha Ozeki. Sekunde zangu zote 61 zimeingizwa. Mashine inajishushia yenyewe, bila mkono wa mtu.

Nimemkuta Mikuriya kwenye ngazi. Ana sauti tamu huyu, ile ya kuwabembelezea maharusi.

"Bi Tokuhara, habari za huko juu?"

"Za huko juu zinafika chini zenyewe. Nasikia daftari langu limepata kazi kabla yangu."

"Mimi nilidhani uliridhia..."

"Wewe unadhani sana. Tarehe 30 Agosti ulidhani nini uliposikia ile sauti?"

Akasema ana wateja wanamsubiri. Hakukuwa na wateja. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, na sehemu ya kuegesha magari ilikuwa na gari moja tu, la kwake.

Nyoka mwenye viatu vya kisigino.

5 Oktoba, Jumapili

Nilikuwa nashuka na sinia la vikombe, nikasimama kwenye ngazi nyuma ya ukumbi mkubwa. Bi harusi alikuwa anasoma barua. Wimbo ni "Mwavuli Mmoja", wa msimu wa mvua uliopita, neno baya 2:58. Ilipofika 2:51 mashine ikaanza kushusha. Bila kumtazama msichana. Bila kuangalia amebakiza kurasa ngapi. Ilipofika 2:58, kimya. Na msichana bado anamweleza baba yake jinsi mzee huyo alivyokuwa anamfungia chakula cha shule kwa mikono yake, matonge ya wali yaliyokaa kama mawe ya mtoni. Alisoma mistari kumi na moja ndani ya kimya kile, na nyuma yake jikoni wanapanga sahani, tang' tang' tang'. Sauti yake ikawa ndogo, ndogo. Akamaliza kama mtu anayeomba radhi.

Nilijiandaa kufurahi. Nilisimama pale kwenye ngazi nikiisubiri furaha ifike.

Zilikuwa sekunde zangu zile. Mashine ilifanya kile kile nilichoiandikia.

7 Oktoba, Jumanne

Kwa Dada Kimie. Matunda ya kaki kwenye miti yake yanaanza kupata rangi ya chungwa. Upepo wa kimbunga umeangusha kiasi, tumeokota ndoo tatu.

8 Oktoba, Jumatano

Ozeki amepanda ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na mbili, na kiuno chake kile. Akabisha hodi kwenye mlango ulio wazi.

"Bi Tokuhara, jana sikulala."

"Mgongo?"

"Yule bi harusi. Nilipokuwa dereva, abiria akiwa bado ana mguu mmoja nje sifungi mlango. Hata kama ratiba imepita. Sasa Jumapili nimefunga mlango mguu wa mtu ukiwa nje."

Nikamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Ana uso wa mtu aliyezoea kutazama mbali.

"Hicho kidude kina mahali pa kuzima hiyo kazi ya kujishusha?"

"Kipo. Meneja amekataza."

"Basi weka kidole chako juu ya sauti wakati wote, mashine ikishusha wewe pandisha. Itakuwa mnavutana, lakini utashinda. Na usitazame kioo. Tazama mabega ya bi harusi. Mtu akikaribia kumaliza barua, mabega hushuka."

Akatoa kikaratasi mfukoni akaandika: *mabega*. Akaninunulia chai ya kopo kwenye mashine iliyo koridoni. Sikuitaka. Nimeinywa.

13 Oktoba, Jumatatu

Sikukuu. Wastaafu wa posta. Waliimba wenyewe.

19 Oktoba, Jumapili

Siku ya heri kuliko zote, ukumbi mkubwa umejaa, kwa hiyo nimeletewa harusi ya watu kumi na wanane huku juu. Ya 1,847!

Bwana harusi, fundi wa baiskeli, alikuja na wimbo wake kwenye simu. Mpya kabisa, wa mwezi wa saba, unaitwa "Nikirudi Niwashie Taa". Wimbo haukuwahi kutolewa kwa CD, upo mtandaoni tu, na sisi ukumbini haturuhusiwi kupiga kitu kilichotoka kwenye simu ya mtu. Lazima CD halisi, iliyonunuliwa.

"Kwa hiyo haiwezekani?" akauliza, uso umemwanguka.

"Kuupiga haiwezekani. Kuimbwa na mtu aliye hai inawezekana, kibali hicho tunacho. Unaujua?"

"Mimi? Mama, mimi sauti yangu inafukuza mbwa."

"Kiitikio ni sekunde ishirini na sita. Mbwa hawatawahi kufika mlangoni."

Akauimba. Alikosea noti, nilihesabu, mara tisa. Bi harusi alicheka hadi kope za bandia zikamtoka, shangazi zake wakawa wanazitafuta chini ya meza. Na wimbo una neno "kurudi" ndani ya jina lake, na ndilo analoliimba kwa nguvu kuliko yote. Nilikuwa nimekaa mikono mapajani. Hakukuwa na kitelezi cha kushusha. Hakuna aliyeanguka akafa.

27 Oktoba, Jumatatu

Baridi imeanza. Ukungu wa mto haukuondoka mpaka saa nne asubuhi. Meneja amepita mbele yangu koridoni akatazama saa yake. Ilikuwa imesimama, niliona mshale.

3 Novemba, Jumatatu

Yuzuki amekuja kuchukua albamu yake ya picha. Mapokezi wakamwambia niko juu, akapanda. Nilipomwona mlangoni nikasimama wima na kumuinamia kabisa, nikaanza kumuomba radhi kwa yaliyotokea harusini kwake.

"Radhi ya nini, mama?" akasema. "Nimekuja kumshukuru aliyeacha wimbo uendelee."

Nikamwambia akae. Nikamsogezea kiti chenye mto.

Akanisimulia yale ambayo hakuna aliyekuwa ameniambia, na kwenye fomu ya Mikuriya hayakuandikwa. Baba yake Yuzuki alikufa yeye akiwa na miaka tisa. Alikuwa fundi wa reli, zamu za ovyo, na kila alipotoka alikuwa anaficha ufunguo chini ya chungu cha maua, ili mtoto akirudi kutoka shule asikae nje. Asubuhi ile ya mwisho pia aliuficha. Kwa hiyo wimbo ulipotoka mwaka juzi, yeye na mama yake waliusikia redioni ndani ya gari, wakaegesha pembeni.

"Nilijua ukumbi utaushusha kabla ya neno," akasema. "Marafiki zangu wote waliniambia kumbi hushusha. Nikasema haidhuru, sisi wawili tutaumalizia kichwani. Halafu haukushuka. Mama alisikia, akasimama. Unajua mama yangu hajawahi kunikumbatia mbele za watu?"

"Hatua kumi na nne," nikasema.

"Nini?"

"Alitembea hatua kumi na nne."

Akacheka, akajifuta macho. Nikamuuliza habari za baba mkwe wake. "Ah, mzee bado amenuna. Lakini juzi nimemsikia kiwandani anaupiga mluzi wimbo ule ule, hajijui." Halafu akaniambia kwamba rafiki yake alirekodi sehemu ile kwa simu akaisambaza, na watu wengi wameitazama. "Wewe ndiye uliyeuacha, sivyo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mkono uliouacha ulikuwa wangu.

"Kidole changu kilikuwa tayari kushusha," nikamwambia. "Kuna mtu aliniambia niuache."

"Basi mshukuru kwa niaba yangu."

Nimshukuru. Miezi miwili namlaani mtu, na sasa nimepewa shukrani nimpelekee.

Alipoondoka nikafungua daftari. Nyimbo 61. Nimezipitia zote, moja moja, bila haraka. Nimefuta alama nyekundu nne tu, na pembeni nimeandika: *muulize bi harusi kwanza.* Nne zinatosha. Sijapata wazimu, zile nyingine hamsini na saba zinastahili kushushwa na nitazishusha.

9 Novemba, Jumapili

Mapokezi kuna vipeperushi vipya. Nimekichukua kimoja, nimekibandika hapa. *Barua Isiyokatizwa: wimbo wako hadi neno la mwisho. Mtindo wa pekee wa nyumba yetu, wazo la Meneja wetu.* Picha ni ya mgongo wa Yuzuki na mama yake. Chini, kadogo, Meneja anatabasamu.

Mwezi wa tisa hakusema kitu. Mwezi wa kumi na moja ni wazo lake.

Nimekisoma mara tatu. Na mtindo huo wa pekee utafanywa na kishikwambi kilichokatazwa kuacha kushusha!

11 Novemba, Jumanne

Kwa Dada Kimie kumenya kaki za kukausha. Yeye ana miaka sitini na tatu, anamenya tunda moja kwa sekunde kumi na nane, ganda linatoka utepe mzima. Mimi ishirini na tano. Nilimsimulia yote, hadi kipeperushi.

"We Sumi, utamenya au utanung'unika?"

"Naweza vyote viwili."

"Huwezi, angalia tunda lako, umeliacha na ndevu. Sikiliza. Huyo bwana umemuuliza?"

"Nilimuuliza tarehe mosi Septemba. Akasema hakusema."

"Hukumuuliza. Ulimwambia tu, 'ulisema hivi'. Mimi nimekulea, nakujua. Wewe ukiuliza mtu anatafuta pa kujificha."

"Sasa niulize vipi? Nimpigie magoti?"

"Muulize kitu ambacho jibu lake ni ndiyo au hapana, halafu ufunge mdomo. Hiyo ya pili ndiyo itakushinda."

Tumetundika kamba arobaini chini ya paa, kila kamba matunda kumi. Mia nne. Ukitazama ukiwa ndani, jua linapita kwenye matunda, ukuta wote unakuwa wa rangi ya chungwa. Zitakuwa tayari mwezi wa kumi na mbili.

12 Novemba, Jumatano

Nilikuwa chumba cha kubadilishia nguo. Mikuriya akaingia, akafunga mlango, akabaki ameuegemea.

"Nilisikia," akasema.

Nikaendelea kufunga vifungo. Nilikumbuka maneno ya Dada Kimie nikafunga na mdomo.

"Tarehe 30 Agosti. Nilimsikia kwenye hedifoni, na nilimwona pia. Alikuwa nyuma ya lile pazia la mbao la kukunja, la rangi ya dhahabu. Alikuwa anafuta macho na leso ya mezani. Ndipo akasema uache uendelee. Ile Jumatatu nilitaka kusema, Bi Tokuhara. Nikaogopa. Nikajiambia nitasema kesho. Halafu kila kesho ikawa ngumu zaidi kuliko ile iliyotangulia."

"Mbona leo?"

"Kipeperushi. Alinipa nikiandike mimi. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba wazo ni lake."

Nikampa maji. Sauti yake ya leo haikuwa ile tamu. Ilikuwa na mikwaruzo, na nikaona kwamba ninaipenda zaidi. Nilimwita nyoka katika kurasa hizi. Nafuta.

Kisha akaniambia jambo ambalo katika miaka kumi na miwili ya kufanya kazi chini ya mtu huyu sikulijua. Meneja ana binti mmoja, yuko Osaka. Aliandikisha ndoa yake kwenye ofisi ya kata mwezi wa tano mwaka huu, akamjulisha baba yake kwa ujumbe wa simu, mistari miwili. Hakuna karamu. Hakuna barua. Mtu huyu amesimama nyuma ya pazia akasikiliza barua za mabinti wa watu zaidi ya elfu moja, na ya kwake haipo.

Nimekaa na hilo siku nzima. Linanieleza kwa nini alisema. Halinielezi kwa nini alikana. Bado nina haki yangu, na nilivyoipima leo haijapungua hata gramu.

16 Novemba, Jumapili

Siku ya heri. Harusi mbili chini, mimi juu na chakula cha kumkumbuka marehemu aliyetimiza mwaka wa tatu tangu afariki. Mjane aliomba "Ufunguo wa Akiba". Nikaupiga wote, dakika nne na sekunde nane. Sikugusa kitu.

19 Novemba, Jumatano

Jumamosi hii ni tarehe 22, siku ya wenzi wema, nchi nzima inagombea kuoa. Karamu ya saa sita mchana, wageni 104. Mikuriya ameniletea karatasi: bi harusi ameona video ya Yuzuki, anataka "Ufunguo wa Akiba" kwa barua yake, wote, bila kushushwa. Kwenye fomu Mikuriya ameongeza mstari kwa mkono wake: *bi harusi ameulizwa kuhusu neno la 3:12, amesema ndilo analolitaka.* Anajifunza.

Ozeki naye kapanda. "Nimemwambia Meneja mimi siwezi. Harusi ile si ya kuvutana na mashine. Nimemwambia nitakuja mimi huku juu, mgongo wangu unapapenda."

"Na ngazi arobaini na mbili?"

"Nitapanda mara moja asubuhi, sitashuka mpaka jioni."

"Amesema nini?"

"Ametazama saa yake. Bi Tokuhara, ile saa yake imekufa, unajua?"

"Najua."

"Amesema atafikiria."

21 Novemba, Ijumaa

Nimemuwekea barua hii mezani kwake saa mbili asubuhi, chini ya miwani yake ili asiikose. Naiandika tena hapa jinsi ilivyo.

*Meneja Kurebayashi,*

*Yuzuki wa ukoo wa Hatakeda ameniagiza nimshukuru mtu aliyesema uache uendelee tarehe 30 Agosti. Nina deni la kufikisha salamu na sijui nimpelekee nani. Kwa hiyo nakuuliza, na safari hii nauliza kweli: ni wewe uliyesema?*

*Ukisema ndiyo, basi wazo ni lako kama kipeperushi kinavyosema, na neno lililomuudhi Mzee Hatakeda ni lako pia, wala mimi sikuwa na kosa la kunipandisha ghorofa ya tatu. Meza ni yangu.*

*Ukisema hapana, basi hapakuwa na sauti yoyote, niliuacha wimbo kwa mkono wangu mwenyewe, na kipeperushi kibadilishwe kiandikwe Tokuhara Sumie. Meza ni yangu.*

*Nimepiga hesabu hii kutoka pande zote mbili, jibu ni lile lile. Kwa hiyo usidhani nakutega. Meza itarudi kwa vyovyote. Linalosubiriwa kwako ni neno tu.*

*Nataka pia ujue jambo moja. Kidole changu kilikuwa kinashusha. Ningekuwa peke yangu, mama yule asingesimama. Katika miaka yangu kumi na tisa kwenye meza ile sijasikia amri nzuri kuliko ile. Ndiyo maana nakasirika kwamba haina mwenyewe.*

*Kesho nitakuwa kwenye meza ya ukumbi mkubwa kuanzia saa tatu. Milango inafunguliwa saa tano. Hedifoni ya tatu nimeitia betri mpya, iko kwenye ndoano yake nyuma ya pazia la dhahabu. Mikuriya atakuwa amevaa yake. Ozeki ataazima ile yangu mwenyewe, iliyoko ghorofa ya tatu. Saa nne na dakika arobaini kamili, kwa saa ya ukutani, si ile ya mkononi mwako, vaa hedifoni useme mbele yetu sote neno moja. Usinieleze sababu, sababu ni yako na sitaiuliza kamwe.*

*Ndiyo, au hapana?*